Kura ya Pili ya Leelo

Jumatano Leelo alipigia kura jikoni,
kadi yake imechomekwa kwenye kompyuta,
Urmas mumewe kasimama nyuma ya kiti
akipuliza chai iliyokwisha kupoa.
"Hapo," alisema.
Leelo akabonyeza hapo.

Mwanangu Taavet, fundi wa programu,
huniapia kuwa kura ile imefungwa kwa fumbo
ambalo mwizi angezeeka akilifumbua.
Namwamini. Ila fumbo lako, mwanangu,
linamwonaje aliyesimama nyuma ya kiti?

Nimehesabu karatasi hapa Võru miaka ishirini na sita.
Karatasi nayo ina dhambi zake:
nimeona lakiri iliyobandikwa upya kwa mate,
karani aliyesinzia saa tisa usiku,
sifuri ikaamka sita.
Lakini mwizi wa karatasi hubeba mzigo,
hutoka jasho, huacha nyayo thelujini.
Mwizi wa waya akiingia, mlango haulii.

Leo Jumapili Leelo kaja shuleni
na kikapu cha dukani, mkate ndani.
Sheria yetu inamruhusu:
kura ya karatasi huifuta ya kompyuta.
Nikampa karatasi. Pazia likafunga.
Alikaa mle
kuliko namba moja inavyohitaji.

Alipotoka hakunitazama.
"Mkate umeganda," akasema, akaenda zake.

Jioni Taavet akauliza: basi ipi salama?
Sikumjibu. Nilikuwa nimeliinua pazia kwenye taa,
nondo wamelitoboa, tundu mbili, usawa wa jicho.
Natafuta uzi mweusi
kabla ya Oktoba.