Yenye Mkwaruzo

Duka la Lushinge, Makoroboi.
Priampu mbili juu ya kaunta.

Ya kwanza ina taa ya samawati, vitufe kumi na viwili.
Nikagusa uzi mnene: sauti ikatoka imepigwa pasi,
safi,
haina mtu ndani.

Ya pili imechunika rangi, kitufe kimoja kimefungwa kwa utepe;
Lushinge akaniomba radhi kabla sijachomeka waya.
Nikapiga.
Kioo cha kabati kikatetema,
vijiko vya mama ntilie jirani vikaitika,
na tumboni mwangu ikawaka injini
ya kivuko cha Kamanga kikiacha gati,
nami mtoto, nimelalia gunia la dagaa,
baba akihesabu chenji mara ya tatu.

"Hiyo ina mkwaruzo, kaka."
"Naujua. Nifungie."