Picha Ilipigwa Lini?

Kompyuta kumi zilikuja na hotuba,
zikakatiwa utepe, zikafunikwa kitambaa,
na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mkuu wa shule
ukigongana na sarafu miaka miwili.
Sita zinawaka. Moja kati ya hizo
huwaka ikipenda.

Mimi nafundisha Jiografia, Kidato cha Tatu, Kibosho.
Ramani ya kitabuni ni nakala ya nakala ya nakala:
Mlima wenyewe umebaki doa la masizi
na ufunguo wake, nao, haufungui kitu.

Basi nikanunua bando la usiku.
Saa saba, mtandao ulipopungua watu,
nikapakua picha za setilaiti kipande kwa kipande
kama mchuma kahawa: iliyoiva tu,
mbichi iache hadi kesho.

Asubuhi nikabeba shuka langu la maua
(mengine yote ya kuazima: projekta ya parokia,
waya mrefu wa Oforo fundi kuchomelea)
nikalitundika juu ya ubao.
Wanafunzi hamsini na wawili, pazia hakuna.
Wa dirishani wakasimama
wakaziba jua kwa migongo na masweta.

Kisha dunia ikatushukia polepole,
kijani, kijani, halafu mabati.
"Ule Mto Karanga!" "Wapi! Karanga umepinda."
Ndesanjo, ambaye tangu Januari
hajanijibu hata salamu,
alitoka kwenye dawati, akaweka kidole kwenye shuka,
akaufuata mfereji kihamba kwa kihamba
hadi mahali maji yanapoibwa usiku.
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Chini ya pindo la shuka nikaandika: umwagiliaji.
Sikuwa na la kuongeza.

"Mwalimu, kwetu pale."
Aikande. Tukatazama wote.
Nyumba, bati lenye kutu upande mmoja,
na uani doa jeupe.

Nyumba ile haipo. Darasa zima linajua:
greda lilipita nayo barabara ilipopanuliwa,
na baba yake alikuwa ameshatangulia,
mvua za vuli, mwaka mmoja kabla.
"Hilo jeupe ni turubai," alisema.
"Baba anaanika kahawa."

Anaanika.

Nilijua la kusema: kwamba doa ni nukta nne za mraba,
kwamba laweza kuwa jiwe, gunia, shuka kama hili,
kwamba jicho likipungukiwa hujazia.
Nilifungua kinywa, nikakifunga.
Feni ya projekta ikavuma peke yake.

Ndipo akauliza, taratibu,
kama mtu anayepima kamba kabla ya kuvuka:
"Picha ilipigwa lini?"

Miaka tisa nafundisha usomaji wa picha,
nimeuliza mizani, nimeuliza pembe, kaskazini, kivuli,
hilo sijawahi kuulizwa.
Kwenye kona, maandishi madogo kama mayai ya chawa.
Akasogea, akasoma mwenyewe,
akahesabu miezi kwa vidole, akarudia.
"Kweli," akasema. "Bado alikuwepo."

Hapo likafunguka ambalo sikulipanga.
"Kumbe ndiyo maana bweni jipya halionekani!"
"Na mringaringa wa kwa Mzee Urio haujaanguka!"
Mmoja akafunua kitabu, akatafuta kilichapwa lini,
akapiga mluzi.

Umeme ukakatika.
"Luku," ilisema sauti ya nyuma, bila hasira.
Yakabaki maua yangu ukutani.
Nikadhani watakaa. Hawakukaa;
walibaki wamelizunguka shuka, wakibishana
juu ya vitu visivyoonekana tena,
huku Aikande akichora daftarini
nyumba, uani, turubai, mshale wa kaskazini,
na kwenye kona, kwa herufi ndogo,
tarehe.

Jioni nilipolikunja shuka
niliona alama ya kidole, udongo mtupu,
pale pale mfereji unapoibiwa.
Sijalifua.