Mrututu

Bomba la baba bado linaning'inia darini,
mkanda umekakamaa, koo limeganda buluu.
Kila Jumatatu alilibeba mgongoni,
akaunywesha mgomba, akaunywesha mbuni,
nasi watoto tukafunga madirisha,
tukahesabu nyuki waliolala kizingitini.

Mpaka Aikande,
mke wangu, mpika mbege wa Mbokomu,
alipotema funda moja uani: "Hii ina dawa."
Sikubisha. Nami nilikwisha kuionja,
ladha ya sarafu, nyuma ya ulezi.

Tukarudi kwenye samadi na jivu,
mkojo wa mbuzi, pilipili kichaa, mwarobaini wa kutwanga.
Fukusi hawakuwa na habari na mpango wetu:
migomba kumi na saba ililala chali msimu wa kwanza,
na Mamuya akauliza kutoka ng'ambo ya mfereji
kama siku hizi tunafuga wadudu.

Msimu wa pili, ndizi fupi, ngozi madoa.
Wa tatu, nilikuwa nafukua shina,
nikamkuta nyungunyungu, mnene kama kidole cha mtoto,
akajigeuza kivivu
kama mwenye nyumba aliyeamshwa na mpangaji.

Leo pipa linatoa povu.
Aikande anachota kwa kata, ananusa, ananyamaza mno.
Msesewe. Moshi wa kuni. Ndizi iliyoiva kwa wakati wake.
"Bado," anasema. "Lakini inakuja."

Bomba sijalishusha.
Nyigu wamejenga kinywani mwake,
nami nikipita chini yake
nainamisha kichwa.