Dakika ya Pili, Sekunde ya Kumi na Nne

Chumba chetu kipo Mabatini, nyuma ya fundi cherehani.
Ukuta mmoja ni jiwe lenyewe,
lilikuwepo kabla ya mwenye nyumba.
Tuna kompyuta moja, hedifoni mbili,
moja imefungwa bandeji shingoni,
na wanafunzi watano wanaogawana masikio.

Mwaka wa kwanza niliwafundisha vibaya.
Nilifungua ukurasa mtupu nikasema, haya, tungeni.
Wakatazama kioo kama wageni waliowekewa sahani tupu:
wamenawa mikono, wanangoja.
Kwilasa alipiga ngoma moja. Dum.
Akaifuta. Akaomba ruhusa ya kwenda chooni,
hakurudi mpaka Jumatatu.

Siku hizi naanza na cha mtu.
Nawapa wimbo uliokwisha kupoa, nasema: bomoeni.
Nani alijifunza kushona kwa kitambaa kipya?
Muulizeni fundi hapo mbele,
alianza na suruali ya baba yake,
akaifumua mshono kwa mshono
hadi akajua mguu unaingilia wapi
(na fimbo inatokea wapi).

Wimbo wa muhula huu ni wa bendi moja ya Igogo,
ya enzi za kaseti, iliyovunjwa na deni la jenereta.
Sikuwaambia nani anapiga gitaa la pili.
Niliuliza tu: besi hii inatembea kama nani?
"Kama mama akitoka Mwaloni na beseni kichwani,"
akasema Nyamizi. "Beseni linalovuja."
Sawa. Linalovuja. Andika hivyo.

Tukatenga: ngoma huku, sauti kule,
tarumbeta ikabaki peke yake, ikaona haya.
Doto akaipunguza besi mwendo, ikalewa.
Umeme ukakatika.
Tukakaa gizani tukinusa dagaa wa jirani,
ukarudi, tukaanza upya.

Ndipo Nyamizi akainua mkono.
"Mwalimu, dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne,
huyu wa gitaa amekosea."

Miaka thelathini na minne!
Na mimi nilidhani tarumbeta ilinifunika.
Kidole cha pete kilikuwa na jeraha la ndoano,
kikateleza nusu hatua chini,
na pesa ya studio ilikuwa imekwisha.
Kiongozi wa bendi alinitazama, hakusema neno.
Tangu hapo, kila wimbo ule ulipopigwa baa za Kirumba,
ukikaribia pale, nilikwenda kukojoa.

"Ifute," nikasema. "La kuvunda halina ubani."
"Kwa nini?"
Akaivuta, akaikata pembe, akaibandika.
Tena. Tena. Mara nne, kimya, mara tatu.
Kwilasa akachomeka flashi yake:
ile dum ya mwaka jana,
kumbe hakuifuta, aliificha.

Na noti yangu mbovu,
ambayo hakuna duka lingeipokea,
ikaanza kutembea.
Ikawa kivuko kinachogonga gati kabla kamba hazijafungwa,
ikawa mlango wa bati unaojaribiwa na upepo wa ziwa,
haufunguki, haunyamazi.

Tukachomoa hedifoni, spika ikatikisa meza.
Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani,
akabisha hodi kwa mkasi.
Nilidhani analalamika.
Alitaka irudiwe.

Kipya kinyemi, nilitaka kusema,
ingawa kidonda. Sikusema. Kidole kiliniwasha.

"Lakini hatujaomba ruhusa," akasema Doto.
"Ulitufundisha wewe mwenyewe, wiki ya kwanza:
cha mtu hakichukuliwi kimya kimya.
Huyu wa gitaa yuko hai?"

Nikautazama mkono wangu juu ya meza.
"Yupo," nikasema. "Namfahamu kidogo. Nitamuuliza."

Wakanisogezea simu.