Ujumbe wa Sauti kutoka Tukuyu

Atuganile, nimepanda mpaka kaburini kwa babu yako,
ndipo mtandao unaposhika.
Mvua imeanza. Usijali, nina mwavuli.
Ndizi nimeuza, deni la nauli yako limebaki kidogo.

Umesema wanafunzi wako arobaini na wawili
walicheka ulipotamka jina la mji wao,
ukaenda kulia chooni.
Kisha yule mwalimu wa hesabu, mama Lin,
akakungoja mlangoni na kikombe cha maji ya moto,
maji matupu, hayana hata majani.

Huku tumezungukwa na chai,
sijawahi kumkaribisha mtu kwa maji matupu.
Lakini uliyanywa.
Ukarudi darasani.

Mwambie ndaga fijo.
Akishindwa kutamka,
usicheke.