Kilio cha Mapema

Daktari aliniuliza: mkono gani unautumia zaidi?
Nikacheka, mara ya kwanza mwezi ule.
Wa kulia ndio husema, nikamwambia,
lakini wa kushoto ndio unaojua cha kusema.
Akachagua wa kushoto.
Akaunga mshipa na mshipa chini ya ngozi,
na tangu siku ile mkono unavuma.
Usiku, umeme ukikatika Katuba nzima,
nauweka sikioni:
upo karibu na waya wa tano,
umeshuka kidogo.

Mara mbili kwa wiki mashine inanifua damu.
Mujinga, mke wangu, huhesabu kwa magunia ya unga,
maana dola, asema, haziliwi.
"Leo umekula magunia saba," huniambia njiani,
na mimi hata bukari simalizi,
maji napimiwa kwa kikombe cha mtoto,
munkoyo naunusa tu.

Dada yangu Chola alikuja toka Kipushi
amevaa viatu vya kanisani.
Wakampima. Damu zetu zikaelewana
kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kuelewana.
"Figo chukua," akasema,
"lakini ile redio ya baba uliyoiuza, bado nakudai."

Figo ya bure, basi.
Ila kuitoa ubavu huu na kuipanda ubavu ule
hufanywa India, kwa dola elfu ishirini na nane,
bila tikiti,
bila vidonge vya kuubembeleza mwili umkubali mgeni,
kila asubuhi, hadi kaburini.

Nyaya za gitaa langu zimezungushiwa shaba.
Kwenye barabara ya Kasumbalesa nayaona malori,
mabamba yamelala kifudifudi chini ya turubai,
yanaenda.
Yanarudi ndani ya bahasha nyembamba, nyaya sita,
maelezo kwa lugha nisiyoisoma.
Nimezoea kununua kilichotoka kwetu.
Sikujua zamu ya ubavu wa dada itafika.

Miaka thelathini na mmoja napiga gitaa vilioni.
Najua jambo moja kuhusu watu wa mji huu:
mgonjwa humpa pole,
maiti humpa bahasha.
Nimeliona jeneza lenye vioo
la mtu aliyekosa hela ya sindano.

Ndipo nikamwambia Banza wa ngoma:
tufanye kilio changu sasa.
Tukodi viti na turubai la buluu,
daftari likae mezani mlangoni mwa parsela,
na maiti apige gitaa mwenyewe.
Banza hakucheka. Akauliza: siku ngapi?
Moja, nikasema.
Siwezi kufa siku tatu, Alhamisi nina mashine.

Walikuja.
Mama mmoja muuza makala alianza kulia langoni, kwa mazoea,
akaniona, akanyamaza,
akakasirika,
akalipa.
Kyungu, ninayemdai tangu harusi yake,
alilipa mara mbili, akiogopa deni la mfu.
Wimbo wa tatu vidole vikafa ganzi.
Banza akaendelea na ngoma peke yake, polepole,
kama mtu anayemsubiri mwenzake
afunge kamba ya kiatu.

Usiku Mujinga akahesabu kwa taa ya simu.
Dola elfu moja mia nne na sita,
franka zisizo na pembe tena,
na pete moja ya shaba ambayo hakuna aliyeiandika.
Magunia mangapi? nikamuuliza.
Hakujibu. Alilisukuma daftari chini ya godoro,
kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto,
akauegemeza sikioni mwake,
akasikiliza kwa muda mrefu,
yeye ambaye hajawahi kuimba hata kanisani.

"Umeshuka," akasema.
"Kaza."