Waya A, Waya B

Nimevuka daraja la Danubi na begi moja:
bisibisi tatu, mita, mkate wa jana,
na kigeuzi kisichozidi kiberiti,
huku kina skrubu za kubana nyaya mbili,
kule ulimi wa bati wa kuingia kompyuta.
Bei yake ni chakula cha mchana
cha watu wawili wasioagiza nyama.

Kiwanda cha sufu kiko bondeni, Gabrovo.
Mawe ya mto yana alama za rangi
ambazo hakuna anayezivaa tena.
Ndani, mapipa tisa ya chuma yanachemka,
na kila pipa lina kihisi chake
kilichofungwa mwaka mimi ningali tumboni.
Vyote tisa vizima.
Aliyekufa ni msikilizaji:
kompyuta ya kijivu, ya tundu la pini tisa,
ilizimika Jumanne sufu ikiwa nusu nyekundu.
Mpya waliyonunua ni nyembamba, inang'aa,
na lile tundu haina.
Vinasema. Haina sikio.

Fundi wa rangi ni Zlatina Chakarova,
vidole samawati hadi kwenye vifundo.
"Umeme umezimwa?" nikamuuliza.
Akatikisa kichwa, kushoto, kulia.
Nikangoja. Naye akangoja.
Nikauliza tena, akatikisa tena, kwa nguvu,
kama anayefukuza nzi,
halafu akacheka mpaka akashika ukuta.
"We Mromania! Ndiyo yetu hutikiswa.
Hapana yetu hurushwa juu, hivi."
Na kidevu chake kikaonyesha dari.

Nikapiga magoti kwenye vumbi la nyuzi.
Nyaya mbili tu, zimesokotana,
zinapita pipa hadi pipa kama uzi kwenye shanga.
Neno halimo katika huu wala katika ule,
limo katika tofauti ya huu na mwenziwe.
Kompyuta huita: wa kwanza!
Na wa kwanza peke yake hujibu,
biti nyuma ya biti, mlango mwembamba,
wanane wengine wamefumba midomo.
(Mikutano ya kwetu haijafika hapo.)

Nikaita wa kwanza. Kimya.
Nikakagua mwendo: biti elfu tisa na mia sita kwa sekunde.
Sawa.
Nikakagua rezista ya mwisho wa waya,
ile inayomeza mwangwi usirudi kuvuruga.
Ipo, imekaza.
Wa pili. Kimya.
Wa tisa. Kimya, na mkate umekwisha,
na nje mvua ya Novemba imeshika kazi.

Zlatina akapita na ndoo. "Vinakataa?"
Nikajisahau nikatikisa kichwa.
"Vinakataa au havikatai?"

Hapo bisibisi ikanitulia mkononi.
Aliyetengeneza vihisi aliita waya huu A.
Aliyetengeneza kigeuzi, nchi nyingine, miaka mingine,
A yake ni B ya yule.
Siku nzima vimekuwa vikijibu, maskini,
kila moja ikipokewa sifuri,
kila ndiyo ikirushwa juu.

Nikalegeza skrubu mbili. Nikapishanisha.
Taa ndogo ya kijani ikapepesa,
na tarakimu zikaanza kushuka kiooni:
hamsini na nane, sabini, sabini na mbili,
pipa la tano sitini na moja nukta nne.

"La tano ni sitini na nne," Zlatina akasema.
Hakugusa kitu. Alinusa mvuke tu.
Nikamwonyesha kioo.
Kidevu juu.
Akaenda dirishani, kigae kimoja kimevunjika,
upepo unapiga kichwa cha kihisi pale mdomoni mwa pipa.
Akachana kipande cha sufu nyekundu,
akaziba.

Tukakaa juu ya marobota tukitazama.
Sitini na mbili.
Sitini na tatu, ikasita.
Mvua ikaongeza.
Sitini na tatu nukta tisa.
"Unaona?" akauliza,
nami nikakishika kichwa changu kisiiname,
nikakitikisa polepole,
kushoto, kulia.